Posho yangu ya nyumba Dodoma inakatwa kodi, ya jirani mtumishi wa Serikali haiguswi. Nimechoka!

Wakuu, heshima zenu. Nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi ni mwajiriwa wa sekta binafsi. Ofisi yetu miaka yote ilikuwa Dar na wateja wetu wakubwa ni wizara na taasisi. Serikali ilipotangaza 2016 kwamba safari hii kuhamia Dodoma si hadithi tena, na Mtumba, kwenye mji wa Serikali, ikaanza kuota maghorofa, bosi akaona asipokuwa na watu huku zabuni atakuwa anazisikia redioni. Tukachaguliwa wachache, tukapewa barua: kituo chako kipya cha kazi ni Dodoma. Mke wangu kazi yake iko Dar, watoto wanasoma Dar. Nikaja peke yangu.

Nimepanga Nkuhungu, chumba na sebule, 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba alitaka miezi sita mkononi, dalali naye akachukua wa kwake mmoja kwa kazi ya kunyoosha kidole. Mtumba iko upande wa pili kabisa wa mji, kwa hiyo asubuhi ni daladala mpaka mjini, unganisha nyingine, na ukichelewa kidogo ni boda. Ukitaka kuona wanao wikiendi, treni ya SGR daraja la kawaida ni 31,000 kwenda tu. Huku unalipia nyumba, kule unalipia nyumba. Gesi mbili, luku mbili. Sikuomba kuishi hivi, niliandikiwa barua.

Sasa ofisi inanipa posho ya nyumba na usafiri, laki tatu. Mshahara wangu hata ukitoa mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, umeshavuka milioni moja kwa mwezi, na wote tunajua kwenye PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, ukivuka hapo kila shilingi ya juu inaliwa asilimia 30. Laki tatu inaingia, elfu tisini inaondoka. Nabaki na 210,000. Toa pango, inabaki elfu sitini ya nauli za mwezi mzima, na hapo sijagusa ya kwenda Dar.

Mlango wa pili kuna jamaa wa wizara moja. Kahamishwa kama mimi, familia yake iko Dar kama yangu, choo cha nje tunachangia. Siku moja tumekaa barazani tukaweka hati zetu za mshahara pamoja. Posho yake ya nyumba imetua nzima, haina hata mkwaruzo. Nikadhani mhasibu wetu ananiibia. Nikaenda kusoma sheria yenyewe.

Kumbe imeandikwa kabisa. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kifungu cha 7: posho ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, ya muda wa ziada, ya mazingira magumu, hazihesabiwi kwenye mapato ya ajira kama mwajiri wako ni Serikali au taasisi inayoendeshwa kwa ruzuku ya bajeti ya Serikali. Wewe wa binafsi posho hizo hizo ni mapato, lete asilimia 30. Tumehama mji mmoja kwenda mji mmoja, kwa sababu moja, tena mimi nimemfuata yeye!

Msije na "unawaonea wivu watumishi". Jirani yangu ale posho yake kwa raha zake. Nauliza mantiki iko wapi. Mwenye duka hapa mjini anayetengeneza hesabu zake vizuri, akipanda basi kwenda Kariakoo kufuata mzigo, nauli na gesti anaziweka kwenye gharama za biashara, zinatolewa kabla faida haijapigwa kodi. Sawa kabisa, katumia ili apate. Mimi ninayetumia ili nipate mshahara, kinachotolewa kabla ya PAYE ni mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, basi. Mengine yote yanahesabiwa ni maisha yangu binafsi. Hivi kulala Nkuhungu mbali na mke wangu ni starehe?

Kifungu hicho hicho kinasema ukirudishiwa fedha ulizotumia kwa ajili ya kazi tu, hiyo haikatwi. Nikaruka kwa furaha, nikaenda kwa mhasibu. Akaniambia pango na nauli ya kwenda kazini si "kwa ajili ya kazi tu", na hata safari za kazi zenyewe nilete risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Boda wa Mtumba ana EFD? Nilimwonyesha karatasi ya daftari aliyoisaini mwenye boda, na namba ya pikipiki ipo, akaisukuma pembeni na kalamu kama nimempa karatasi ya maandazi.

Halafu kuna kichekesho kingine humo. Nauli ya mfanyakazi, mwenza na watoto wasiozidi wanne haikatwi kodi kama makazi yake yako zaidi ya maili 20 kutoka kazini. Maili! Nchi nzima inapima kwa kilomita. Dar hadi hapa ni kilomita zaidi ya 400, nikasema hapa sikosi. Afisa utumishi akasema hiyo ni ya aliyeajiriwa mahsusi kwa kituo hicho, wewe umehamishwa tu. Tena ni nauli ya kuja kazini na kuondoka, si ya kila wikiendi. Haya.

Na wale mnaotaka kuandika "mwambie mwajiri akupangishie mwenyewe", nayo nimeangalia. Nyumba ya mwajiri inathaminiwa na kuongezwa kwenye mapato yako, unakatwa vilevile.

Wabunge wanakaa hapa hapa kila Bunge la bajeti, Muswada wa Fedha unapita mbele yao kila Juni. Kuongeza neno "na mwajiriwa wa sekta binafsi aliyehamishwa kituo" ni mstari mmoja, hata kwa ukomo wa kiasi fulani kama wanaogopa ujanja wa waajiri.

Wa binafsi mlioko Dodoma, ofisi zenu zinafanyaje? Kuna ambaye pango au nauli anarudishiwa bila kukatwa na kisheria iko sawa? Wekeni utaratibu hapa niuchape, Jumatatu naingia nao kwa mhasibu. Wa "rudi Dar" mpite kimya.