Kibao cha mbao cha kumzawadia mjomba: niandike nini?

Mwana_Mkomani: Assalamu alaykum. Mjomba wangu ameacha bahari. Jahazi kaliuza, ila kila akikaa barazani ni kulitaja tu: Tawakal, Tawakal. Nataka kumpa kibao cha mlangoni nilichokipaka kwa mkono wangu. Nimepata kipande cha ubao wa jahazi kuukuu Matondoni, kina matundu ya misumari na kinanuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo. Nafikiria "Karibu Nyumbani kwa Nahodha", jina lake, jina la jahazi, mwaka alioanza, na nanga pembeni. Nitumie rangi gani? Na herufi zinyooke vipi?

Bi_Shela: Yote hayo kwenye ubao mmoja, mwanangu? "Karibu nyumbani" waachie wenye nyumba za wageni. Yeye mwenyewe ameshakwambia anachotaka kusoma.

Fundi_Langoni: Bi kasema kweli. TAWAKAL, basi. Nanga nayo iache. Mchoree lile jicho la omo, la mbele ya jahazi, duara lenye mwezi na nyota, moja kila upande wa jina.

Kazi iko kwenye hiyo sifa. Rangi haishiki ubao ulionyweshwa mafuta ya papa miaka yote hiyo. Uoshe kwa maji yasiyo na chumvi, uanike kivulini (juani utapasuka), kisha upanguse kwa tapentaini mpaka kitambaa kitoke safi, ndipo upige msasa. Matundu usiyazibe, mzee atataka kuyapitisha kidole.

Herufi: wengi huanzia kushoto, wakifika L ubao umekwisha. Jina lina herufi saba, ya katikati ni A ya pili. Anza na hiyo, kisha toka nje pande zote mbili. W ni pana kuliko K, kwa hiyo hiyo A isogeze kulia kidogo. T na A zisogeze karibu, la sivyo patabaki pengo. Rula haitakwambia hayo. Simama mbali uangalie. Chora kwanza kwenye karatasi ya ukubwa uleule, paka chaki nyuma yake, ibandike, pitisha kalamu juu ya mistari.

Msomaji_Malindi: Mbona msiliandike kwa herufi za Kiarabu? Wazee wetu wanazipenda.

Fundi_Langoni: Ni nzuri, kama mkono umezizoea. Kwa anayeanza zitamtoa jasho.

Mwana_Mkomani: Ahsanteni. Sasa ubao wote niupake rangi, au niuache wazi?

Fundi_Langoni: Uache wazi, rangi iwe ya herufi na macho tu. Rangi ya mafuta, nyeupe, kwa brashi bapa, upake mara mbili. Ya kwanza ikauke kabisa. Nyekundu usitumie, jua letu huila. Juu paka vanishi ya mashua, ya samani haihimili hewa ya chumvi. Na ukutani funga kwa skrubu za shaba, maana za chuma zitatoa kutu hadi kwenye chokaa na shangazi yako atakuja kunitafuta mimi.