Kumkata mshahara mchezaji aliyekataa kucheza wakati wa Korona ilikuwa dhuluma

Wanajukwaa, salaam.

Nimechoshwa na hoja ambayo hurudishwa humu kila mjadala wa michezo na Korona unapofufuka, kwamba asiyeingia uwanjani hastahili hata senti moja, na kwamba ligi za Marekani mwaka 2020 zilitufundisha nidhamu kwa kuwakata mishahara wachezaji waliobaki nyumbani. Wanaoitoa hoja hiyo, nina hakika, hawajawahi kutazama ni nani hasa aliyekatwa na kwa sababu gani.

Tuanze na Elena Delle Donne, aliyekuwa akiichezea Washington Mystics. Mwaka 2019 alikuwa mchezaji bora wa WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, na katika fainali za mwaka huo alicheza akiwa na diski za uti wa mgongo zilizoumia, timu yake ikatwaa ubingwa. Huyo si mvivu wala si mwoga. Mama huyu anaishi na ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe, na mwaka 2020 mwenyewe aliandika kwamba alikuwa akimeza vidonge 64 kwa siku: 25 kabla ya kifungua kinywa, 20 baada yake, 10 kabla ya chakula cha jioni na 9 kabla ya kulala. Julai 2020, ligi ilipowakusanya wachezaji wote huko Bradenton, Florida, jimbo ambalo mwezi huohuo liliandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 15,000 kwa siku moja, aliomba msamaha wa kitabibu, na daktari wake mwenyewe akathibitisha kwamba yumo hatarini. Jopo la madaktari lililowekwa kuamua maombi hayo likamkatalia. Kwa maelezo yake, halikuzungumza naye wala na daktari wake hata mara moja. Lyme haikuwa kwenye orodha ya magonjwa hatari iliyokuwa ikifuatwa, basi shauri likaishia hapo: acheze, au aukose mshahara.

Mwenzake wa timu hiyohiyo, Tina Charles, ana pumu, akakubaliwa na akalipwa. Simwonei wivu, alistahili. Ninachouliza ni kwa nini riziki ya mtu iamuliwe na karatasi iliyoandikwa wakati ambapo dunia nzima ilikuwa bado inakisia kirusi hiki kinamdhuru nani zaidi. Najua mtaniambia kwamba hatimaye Delle Donne alilipwa. Ndiyo, klabu yake iliamua kumlipa. Lakini hiyo ilikuwa hisani ya klabu, na mchezaji chipukizi asiye na jina, mwenye ugonjwa uleule, hakuwa na sababu yoyote ya kutegemea hisani ya namna hiyo.

Kwenye besiboli mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa wenye familia. Mchezaji aliyethibitishwa kuwa hatarini yeye mwenyewe aliruhusiwa kukaa nje, akalipwa mshahara wa msimu ule uliofupishwa wa mechi 60, na muda wake wa utumishi ukahesabiwa. Aliyekuwa na mgonjwa au mtoto mchanga nyumbani aliruhusiwa pia kukaa nje, ila malipo yake yakaachwa mikononi mwa klabu iamue ipendavyo. Ryan Zimmerman wa Washington Nationals alikuwa na mtoto mchanga na mama mwenye ugonjwa wa mfumo wa neva, akajiondoa. Buster Posey wa San Francisco Giants alikuwa ametoka tu kuasili mapacha waliozaliwa njiti, akajiondoa. David Price wa Los Angeles Dodgers aliacha karibu dola milioni 12 kwa ajili ya afya ya familia yake, na huyu ndiye aliyekuwa ameahidi kumpa kila mchezaji wa timu za chini za Dodgers dola 1,000 kipindi ambacho mishahara yao ilikuwa mashakani. Sasa mtu anakaa kwenye kochi lake na kuandika kwamba watu hawa walitaka kula bila jasho!

Hoja ya "hao ni matajiri" haina uzito. Mshahara wa juu kabisa wa WNBA mwaka ule ulikuwa dola 215,000, na ngazi za chini zilianzia dola 57,000, ambazo kwa gharama za maisha za miji ya Marekani si utajiri. Isitoshe, haki ya mfanyakazi haipimwi kwa unene wa pochi yake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda dhidi ya adhabu mfanyakazi anayejiondoa kazini akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba uhai au afya yake imo katika hatari kubwa iliyo karibu.

Nikubali mawili. Vyama vya wachezaji vilitia saini masharti hayo, na kwa hilo navilaumu pamoja na wenye ligi. Tena si kila aliyekaa nje anastahili kutetewa: Davis Bertans wa Washington Wizards, timu ya kikapu ya wanaume, alijiondoa kulinda mwili wake kwa kuwa mkataba wake ulikuwa unaisha, na miezi michache baadaye akapata mwingine wa dola milioni 80. Huyo alifanya hesabu ya biashara, na sioni kwa nini alipwe. Hata NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ambayo si ligi ya huruma, iliweza kutofautisha: aliyekuwa hatarini kiafya alipewa dola 350,000, na aliyejiondoa kwa hiari alipewa 150,000 kama malipo ya awali ya mshahara wa baadaye. Ni kidogo, na hilo la pili ni mkopo tu, lakini angalau wengi hawakuachwa mikono mitupu.

Na hili ndilo linalonikera kuliko yote. Katika besiboli, mchezaji aliyeingia kambini akaambukizwa aliwekwa kwenye orodha ya majeruhi na mshahara wake ukaendelea kama kawaida. Maana yake, kuugua kulilipwa, na kukataa kumpelekea mtoto njiti ugonjwa nyumbani hakukulipwa. Anayetetea makato aje anieleze mantiki ya utaratibu huo, na asinijibu kwa kunitajia akaunti ya benki ya David Price.