Naomba riwaya ya binti wa miaka 13, ila mtoto asife

MamaWatatu
Habari zenu wakuu. Nina binti yuko kidato cha kwanza, katimiza 13 mwezi uliopita. Anapenda kusoma kuliko kula. Vile vihadithi vya sungura na fisi kavimaliza zamani, sasa anaiba vitabu vya kaka yake wa kidato cha tatu. Juzi saa tano usiku naona mwanga chini ya shuka, kumbe yuko na *Watoto wa Mama N'tilie* na tochi ya simu yangu. Analia. Zita kafa. Asubuhi anakoroga uji, akaniuliza: "Mama, kwa nini watoto wa kwenye vitabu lazima wafe?"

Nilikosa jibu. Shuleni kwao maktaba ni kabati moja, na funguo kaondoka nazo mwalimu aliyehama. Natafuta riwaya ya Kiswahili yenye mtoto wa rika lake, akue, akosee, apende hata, lakini ukurasa wa mwisho umkute hai. Nawasilisha.

MwalimuWaLugha
Pole mama, na hongera pia. Hivyo vitabu tunavifundisha kwa ajili ya mtihani: dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi. Binti aliyemlilia Zita kasoma vizuri kuliko darasa langu zima.

Mwambie apekue tena kwa kaka yake, aitafute *Takadini* ya Ben Hanson. Ni Zimbabwe ya zamani, mtoto kazaliwa na ualbino, mama yake Sekai anatoroka naye kijijini ili asiuawe. Mwanzo unatisha, lakini Takadini anakua, anajifunza kupiga mbira (ala ya muziki ya huko), na kuna msichana anaitwa Shingai. Naishia hapo.

KijanaWaNyali
*Siku Njema* ya Ken Walibora. Sina la pili. Sisi huku Kenya ilikuwa kitabu cha lazima shuleni na bado tukaipenda, jambo la nadra hilo. Ilitoka 1996. Kongowea Mswahili analelewa Tanga na mama mwimbaji wa taarab. Mama anafariki (samahani dada, huyo ni mama, si mtoto), anabaki akinyanyaswa kwa jamaa, halafu anashika njia kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Anasimulia mwenyewe, kwa hiyo unakuwa naye bega kwa bega njia nzima, na njaa yake unaisikia tumboni.

Tahadhari moja tu: Walibora alikuwa fundi wa misamiati na methali. Usimlazimishe binti afungue kamusi kila mstari. Ayaruke tu, maneno yatamrudia yenyewe.

MtuMzimaDawa
Mimi nilisoma *Rosa Mistika* nikiwa na 13 na sijafa. Mpeni mtoto asome, mnawafuga kama vifaranga.

ShangaziMkali
@MtuMzimaDawa wewe hukufa, Rosa je? Mama kaomba mtoto asife, unamletea Rosa! Hukusoma hata kichwa cha uzi.

Naipenda sana riwaya ile. Kezilahabi kaitoa 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa kipindi, na mimi naona walikosea. Pale mwanzo Zakaria anapomtandika binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, sisi wasichana tulikuwa tunasoma tukitazama mlango. Lakini yanayofuata yanataka mtu mzima pembeni. MamaWatatu, akifika 16 kisomeni wote wawili, kila mtu na nakala yake, halafu mzungumze mkichambua mchele. Kwa sasa hapana.

Na mwingine asije na *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya kitabu cha Gurnah. Najua Yusuf ana miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kumbe ni rehani ya deni la baba yake. Ni tamu kweli, nayo isubiri.

MwalimuWaLugha
Nakubaliana na Shangazi, ingawa watoto huwa hawatusubiri.

MzeeWaKaranga
Si hadithi ya kukua, mtanisamehe, lakini akitoka kulia apewe Bwana Msa, yule mpelelezi. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilitoka 1960. Kuna maiti, ila ni ya mtu mzima, na raha yote ni kumtazama Bwana Msa na kiko chake akifikiri. Mimi nilikisoma dukani kwa babu nikiwa darasa la saba. Kurasa za mwisho babu alikuwa keshafungia karanga. Nilikaa miaka tisa sijui muuaji ni nani, nikawa namshuku kila mhusika, mpaka Najum mwenyewe, rafiki yake Bwana Msa.

KijanaWaNyali
😂😂 Babu alistahili kufungwa.

MamaWatatu
Wakuu, mrejesho. Nimezunguka barabara ya Samora hapa Dar mpaka miguu ikawaka, *Siku Njema* nimeipata. Sikumpa. Nimefuata akili yangu tu: nimeiacha juu ya kochi kama nimesahau. Aliyeichukua kwanza ni kaka yake! Ugomvi ulivyokuwa, tukaafikiana mmoja asome mchana, mwingine usiku, taa ikiwa imewashwa.

Binti yuko ukurasa wa arobaini na kitu. Jana kaniuliza nauli ya basi Tanga mpaka Mombasa.