Sheria ya takwimu bado inatubana au ilishakufa?

Kijana wa Tasnifu:
Wakuu heshima kwenu. Niko masters, proposo yangu ni bei za vyakula na kipato cha watu mtaani, nataka nizunguke kaya kwa kaya niulize mwenyewe. Supavaiza kaikataa, anasema chukua data za NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) uchambue hizo hizo, maana ukitoka na namba zinazogongana na za serikali tutaitwa wote mimi na wewe. Nikamuuliza sheria gani akasema "ile ya Magufuli". Mi nilijua ilishabadilishwa. Wanasheria wa humu mnisaidie.

Chuma cha Ubungo:
Kwanza sio ya Magufuli dogo, Sheria ya Takwimu ilipita bungeni 2015 Kikwete bado yupo ikulu. Ya Magufuli ni yale marekebisho ya Septemba 2018, ndo yakaja na habari za kibali cha NBS kabla hujachapisha, na usitoe namba za kupinga au kupotosha zile rasmi, ukikaidi faini kuanzia milioni 10 au jela kuanzia miaka 3. Benki ya Dunia wakalalamika hadharani Oktoba hiyo hiyo, na Juni 2019 bunge likafuta ile jinai. We ingia mtaani.

Bi Mlimani:
Chuma kwenye karatasi uko sawa kabisa, ila huyo supavaiza haogopi kifungu, anaogopa alichokiona. Julai 2018 shirika la kiraia la Twaweza walitoa utafiti kwamba kukubalika kwa rais kumeshuka toka 96% mwaka 2016 mpaka 55%, COSTECH (tume ya serikali ya sayansi na teknolojia) wakawaandikia barua wajieleze kibali kiko wapi, mkurugenzi wa Twaweza akanyang'anywa pasipoti. Na hapo hayo marekebisho ya Septemba yalikuwa hata hayajapita! Sasa mhadhiri anayesubiri kupanda cheo akiona vile unategemea nini.
Halafu mnaanzia 2015 kana kwamba kabla ya hapo chuo kilikuwa huru. Sheria ya 1970 iliyoizaa UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ilimfanya rais kuwa mkuu wa chuo na VC, yaani makamu mkuu wa chuo, akawa anamteua yeye, wa kwanza alikuwa Msekwa, katokea ukatibu mtendaji wa TANU moja kwa moja. Hata juzi juzi tu, Kikwete kapewa ukuu wa chuo na Magufuli 2016.

Mtu wa Mfumo:
Dada punguza jazba. NGO zinapika data kila siku, hela ya kuendesha chuo ni ya serikali na mikopo ya wanafunzi pia, halafu mnataka serikali ikae pembeni iangalie tu? Uhuru bila wajibu ni fujo.

Bi Mlimani:
Kaka yangu, wajibu wahadhiri walishauandika wenyewe. Azimio la Dar es Salaam, Aprili 1990, soma hata jina lake, uhuru wa taaluma NA wajibu wa wanataaluma kwa jamii, Novemba mwaka huo huo likafuata la Kampala. Data ikipikwa atoke mtafiti mwingine aianike, polisi wanahusikaje na sampuli?

Wa Juja:
Huku Kenya nako waziri wa elimu Magoha (Mungu amlaze pema) Januari 2020 alifuta uteuzi wa Prof Kiama kuwa VC pale Chuo Kikuu cha Nairobi na kuvunja baraza la chuo, Kiama akaenda korti na kiti akabaki nacho. Nyinyi huko mnaendaga korti kweli ama mnanung'unika tu?

Bi Mlimani:
Tunanung'unika 😂

Kijana wa Tasnifu:
Asanteni sana, naprinti hayo marekebisho ya 2019 nampelekea Jumatatu, akikataa tena naomba nibadilishiwe supavaiza. Ila na vibali je, naenda kwa mtendaji wa kata mwenyewe?

Chuma cha Ubungo:
Hapana, atakurudisha. Anza na barua ya chuo, unaipeleka kwa RAS (katibu tawala wa mkoa), RAS anakushusha wilayani, wilaya ndo wanakuandikia kwa mtendaji. Anza mapema, kuna ofisi barua inalala wiki mbili na hamna aliyeikataa.