Ushauri: Kumpeleka mama Kilwa Kisiwani kutoka Dar es Salaam

Mama Zuhura: Ndugu zangu, habari za leo. Ninaishi Mbagala, na mwezi ujao nakusudia kumpeleka mama yangu, ambaye ni mtu mzima na hutembea kwa mkongojo, pamoja na wanangu, wakaione ngome ya Gereza iliyokarabatiwa na magofu mengine ya Kilwa Kisiwani. Naomba kujua kama safari hiyo inawezekana kwa siku moja, na kama Kilwa Masoko kuna la kutazama au ni pa kulala tu.

Mvuvi wa Masoko: Mama Zuhura, kwa siku moja usijaribu. Ni takriban kilomita 300, na ingawa tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 hatungoji tena kivuko cha Rufiji, bibi atafika amechoka. Laleni Masoko, mshughulikie kibali na mwongozaji jioni hiyohiyo, kisha mvuke asubuhi. Kabla ya kupanga saa, muulizeni nahodha habari za maji: yakijaa, mashua husogea karibu na nchi kavu, lakini yakipwa huenda mkalazimika kushuka na kutembea majini, jambo ambalo kwa mwenye mkongojo ni zito.

Fundi Chokaa: Naongezea kuhusu Gereza lenyewe. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 wakaiacha mwaka 1512, na jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani. Mwenye hamu ya mambo ya kale zaidi aende Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14 lililokuwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Waonyeshe watoto jinsi vyumba vilivyo vyembamba: dari zilibebwa na boriti za mikoko, hivyo upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Waguse pia mawe ya matumbawe na chokaa yake kwa upole, bila kupanda kuta, kwani kazi iliyofanya Kilwa iondolewe mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini ilikuwa kubwa, na inastahili kuheshimiwa.

Mjukuu wa Kivinje: Masoko ni makao ya wilaya, pana bandari na soko, basi. Mji wenye historia ni Kilwa Kivinje, kaskazini yake, palipokuwa mwisho wa misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa Nyasa. Boma la Wajerumani na nyumba za zamani bado zipo, nyingine zikiwa zimechakaa kiasi cha kuumiza moyo. Pitieni mnaporudi Dar.

Mama Zuhura: Nawashukuru sana. Je, mama ataweza kufika Husuni Kubwa?

Mvuvi wa Masoko: Husuni iko juu ya jabali, mbali kidogo na Gereza. Anzeni na Gereza na Msikiti Mkuu mkiwa pamoja naye, halafu apumzike kivulini na mtu mzima mmoja wakati watoto wanakwenda Husuni na mwongozaji. Mbebeeni maji ya kunywa ya kutosha.