Tupeane uzoefu: 2015 UKAWA wangemsimamisha Dk. Slaa badala ya Lowassa, huko kwenu ingekuwaje?

Ngosha wa Kirumba:
Wakuu habari za jumapili. Huu mjadala hauishagi ila watu wanaleta hisia tu, leo kila mtu aseme alichokiona kwa macho yake kule alikopiga kura, sio alichosikia kwa shemeji.

Kwa madogo waliokuwa bado shule: UKAWA ni umoja wa vyama vya upinzani, Chadema na CUF wakiwemo. Slaa akigombea urais kwa Chadema 2010 alipata kura milioni 2.27, karibu asilimia 27. Julai 2015 CCM wakakata jina la Lowassa, waziri mkuu wa zamani, kwenye mchujo wa mgombea urais Dodoma, tarehe 28 akapokewa Chadema, Septemba mosi Slaa akaita waandishi akaaga siasa. Lowassa akaja kupata milioni 6.07, asilimia 39.97, Magufuli 58.46. Watu wanashangilia hiyo milioni sita wakati waliopiga kura wenyewe walikuwa karibu mara mbili ya 2010, na 2010 Lipumba wa CUF alikuwa na asilimia nane zake pembeni. Jumlisha na za Slaa unakuta 35 hata Lowassa hajagonga hodi. Kwa hiyo mzee Lowassa alileta asilimia tano tu, akatuondolea ajenda ya ufisadi.

Mimi nilikuwa nazunguka nyumba kwa nyumba hapa Mwanza. Mama mmoja muuza dagaa hata hakuacha kupepeta, kaniuliza "si nyinyi mlitusomea majina ya mafisadi na huyu akiwemo?" nikabaki natoa macho, maana kwenye mkutano wa Mwembeyanga, Dar, 2007 ni Slaa huyohuyo aliyeyasoma. Nyamagana na Ilemela tulikuwa nazo zote tangu 2010, zote zikaenda. Sawa Magufuli alikuwa mtu wa kanda yetu ya Ziwa, Slaa naye angepigwa, lakini angalau tungekuwa na la kumjibu yule mama. Karibuni.

Monduli Juu:
Mkuu unahesabu asilimia unasahau watu. Huku kwetu siku mzee anahama kadi za kijani zilirudishwa hadi na wazee ambao ukitaja Chadema mbele yao ulikuwa unafukuzwa bomani. Ubunge Monduli ukaenda Chadema, hiyo Slaa angeipata wapi? Kwanza angekuja Monduli kumwambia nani kwamba Lowassa fisadi, angerudi na fimbo mgongoni hahaha

Chikongola:
Mtwara hapa. Naongea kama mtu wa CUF, msinirukie. 2010 kuna watu huku walikuwa wanapita kwenye vibaraza jioni jioni na neno moja tu, "yule padri", maana Slaa aliwahi kuwa padri, basi, kazi imeisha, sera hata hawazitaji. Lowassa hakuwa na hilo doa, halafu mgombea mwenza alikuwa Duni Haji aliyetoka CUF, wazee wakaona hapa na sisi tumo. Hasira za 2013 za gesi yetu kupelekwa Dar kwa bomba zilikuwepo, kura zilikuwa zinasubiri mtu wa kupewa tu. Mjini tukachukua jimbo. Angekuwa Slaa nadhani ubunge tungepata vilevile ila urais wengi wangeacha bila tiki. Lililoniuma mimi ni Lipumba kujiuzulu uenyekiti Agosti kwa ajili ya hilohilo la Lowassa, chama chetu hakijakaa sawa tena.

Kijani Damu:
Mimi ni CCM na nilikuwa timu Lowassa, nasema ukweli kwa kuwa humu hamnijui. Tabora. Urais nilimpa Lowassa, ubunge na udiwani nikarudi nyumbani. Tulikuwa wengi wa hivyo na tulikuwa tunajuana kwa macho tu kwenye foleni. Slaa nisingempa hata kwa bastola. Sasa mleta mada hizo tano zako ndio sisi, tusidharauliane

Mtoto wa Mang'ola:
Karatu, nyumbani kwa Slaa mwenyewe. Jimbo tulilibeba kama kawaida, huku Chadema ni ya tangu 1995, haitegemei mgombea urais. Ila baba yangu mkubwa, kamanda wa Chadema enzi hizo, asubuhi ya kura kavaa buti kaenda kupakia vitunguu. Namwambia baba foleni bado fupi twende, kajibu "mimi nilifundishwa kumkataa huyo mtu, sijafundishwa kumrudia", kapanda kwenye fuso. Mwaka 2019 Lowassa aliporudi CCM, baba mkubwa alinipigia simu kunicheka.

Ngosha wa Kirumba:
Kijani Damu umenijibu vizuri kuliko wote, ila ona na wewe, mlikuja na mtu wenu na mkaondoka naye, baba mkubwa wa Karatu mmetuachia wapi? Na Monduli Juu hizo 35 bado hujazigusa, jibu hoja. Wa Mbeya na Moshi hamjaongea, njooni, na aliyekuwa wakala kituoni aje na za karatasi ya matokeo kama bado anayo.