Ukuta wangu umejengwa kwa alama za kuuliza? Muulizeni aliyeyaacha matirio bila maelezo!

Wakuu wa kusini, natoka kikaoni sasa hivi hapa Shangani, mikono bado inatetemeka. Simtaji mtu. Yeyote aliyepita ofisi za michoro Mtwara anamjua, yule wa "Revit nimeileta mimi huku", ile programu ya kuchorea majengo kwenye kompyuta.

Mteja kakaa, mkewe kakaa, mhandisi kakaa. Nafungua mkato wa ukuta. Jamaa ananyoosha kalamu kwenye skrini: "Kijana, ukuta wako umejengwa kwa alama za kuuliza?" Akacheka mpaka Msangamkuu ng'ambo wakasikia. Mbele ya mteja!

Ukuta ule una matabaka yote: rangi, lipu ya nje mm 15, tofali la simenti la inchi 6, lipu ya ndani mm 15. Kila tabaka nimeliwekea unene wake. Nikaweka tagi za matirio, yaani lebo za kutaja kila tabaka ni la kitu gani. Sasa tagi ile haijitungii maneno, inasoma kisanduku cha maelezo kilicho ndani ya matirio yenyewe. Kikiwa kitupu inakutolea "?". Na nani kaishikilia sehemu ya matirio kwenye faili la pamoja, mwingine asiweze kugusa? Kila nikiomba tujaze maelezo: "Usichezee maktaba yangu." Halafu ndiye anayeuliza! Mbele ya mteja!

Yeye anaandika kwa mkono juu ya mchoro, "tofali 6", mshale, kamaliza. Mteja akitaka ukuta wa nje uwe wa inchi 9, ukuta unanenepa, maandishi yanabaki 6. Fundi atajenga upi? Hilo halimchekeshi. Kilichomchekesha ni "?" yangu, mpaka akamgeukia mke wa mteja: "Mama umeona, alama za kuuliza." Mama wa watu akacheka kwa adabu. Hapo nikaishiwa nguvu kabisa.

Mkorosho Mkavu: Mleta uzi, uliziona hizo "?" ukaenda nazo kikaoni hivyo hivyo? 😂😂

Mleta uzi: Mkuu, asubuhi nilimwandikia aachie faili nijaze. Kajibu "nenda nayo hivyo hivyo". Ujumbe ninao!

Kibiriti: Kabla ya kulia, angalia kiwango cha undani cha mchoro. Kikiwa cha chini kabisa matabaka hayaonekani, weka cha kati au cha juu.

Mleta uzi: Matabaka YANAONEKANA. Soma uzi, kaka.

Bi Ramani: Revit mnajitesa bure. Njooni ArchiCAD, programu mpinzani wake, lebo moja inakuorodheshea matabaka ya ukuta mzima.

Kibiriti: Wa ArchiCAD hawajawahi kupita kwenye uzi bila kuhubiri.

Bi Ramani: Mwaka 1987 Graphisoft, wenye ArchiCAD yao, walishauza wazo la jengo zima ndani ya kompyuta. Revit imetoka 2000. Heshimu wakubwa, mdogo wangu.

Fundi Mikindani: Nyie mnagombea mm 15, mimi saiti naletewa tofali ukilishika linabaki unga mkononi. Simenti inatengenezwa hapo Msijute, mtu anashindwa kuitia kwenye tofali! Andikeni lebo kwa wino wa dhahabu, mfyatuaji hasomi lebo.

Mkorosho Mkavu: Fundi kasema kweli. Na kumwagilia hawamwagilii, tofali la jana leo liko kwenye kirikuu.

Dada wa Mtanda: Afadhali tofali. Huku Lindi kuna watu wanapiga lipu kwa mchanga wa ufukweni. Nyumba ya shangazi ukuta unatoa chumvi nyeupe, rangi inabanduka vipande vipande, fundi kahamia Nachingwea, simu hapokei.

Fundi Mikindani: Dada, kupaka rangi juu ya chumvi ni kutupa hela. Bandueni lipu yote, mpige upya kwa mchanga usio na chumvi.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Huyu mtu kanicheka MBELE YA MTEJA.

Kibiriti: Pole mkuu. Dada wa Mtanda, huyo fundi ni yule mwenye pikipiki nyekundu? Kanikimbia na hela ya vigae!

Dada wa Mtanda: HUYO HUYO 😡

Mkorosho Mkavu: Mfungulieni uzi wake. Wakati huo huo, mwenye mchanga wa mtoni hapo Lindi mjini anicheki inboksi, nataka tripu mbili kabla ya mvua.